Mshika Kamba

Mtu akinywa maji ya kisima hamkumbuki aliyekichimba, na hakuna ubaya katika hilo. Kiu haina adabu. Mtu huteka, hunywa, hujifuta mdomo kwa kiganja, huenda zake. Hata Fuko, ambaye visima ndiyo ilikuwa kazi yake tangu hajaota ndevu, akinywa maji kwa watu hakuuliza nani alichimba. Aliuliza nani alikuwa juu.

Maana kisima huchimbwa na watu wawili. Mmoja yuko chini na sururu na koleo la mpini mfupi, anakata ardhi na kujaza ndoo. Mwenzake yuko juu, anaivuta ile ndoo, anaimwaga, anairudisha. Wa chini ndiye anayesifiwa, kwa sababu ndiye anayetoka amepakaa tope mpaka kwenye kope. Lakini wachimbaji wenyewe wanajua. Wa chini anachimba tu. Kama utakula chakula cha jioni au hutakula, hilo linaamuliwa na wa juu.

Wa juu wa Fuko alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na watu walimwita Nanga. Nani aliwabandika majina hayo hakuna aliyekumbuka, ila yaliwakaa. Fuko alikuwa mfupi, mwembamba, na macho madogo yaliyofinya kila alipotoka juani. Nanga alikuwa pande la mtu, miguu kama vinu, na viganja vilivyofanya sugu hata mkewe akawa anawaambia majirani kwamba yeye hana haja ya kitambaa cha kuepulia sufuria, humwita mume.

Walikua bila wazazi. Baba alitangulia, mama akafuata kabla ya machozi ya kwanza kukauka, na Nanga, ambaye naye alikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, akajikuta ni baba wa mtu. Siku moja jirani aliangusha ndoo yake kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa chembamba, mabega ya mtu mzima hayapiti. Nanga akamfunga mdogo wake kamba chini ya makwapa, akamwambia, "Ukiogopa, uliza kama nipo." Mtoto akateremka katika giza lile, kila kidogo anauliza, "Upo?" na juu inajibu, "Nipo." Alirudi na ndoo ya watu mkononi, amejikojolea, na anacheka.

Jioni ile ile, juu ya mkeka wao mmoja, mdogo akauliza mama yuko kwa nani. Kwa Mungu, akaambiwa. Akauliza Mungu mwenyewe yukoje. Nanga hakuwa mtu wa maneno, na katekisimu alikuwa ameiacha kurasa za mwanzo. Alitazama mabati, akajikuna, mwisho akasema Mungu ni kama yeye leo pale juu ya kisima, ila Mungu mikono haimwumi.

Basi neno hilo likaingia kwa Fuko likakaa. Wengine hujengewa imani yao kwa vitabu na mafundisho, kila mwaka chumba kipya. Ya Fuko ilikuwa na chumba kimoja, na alipokuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza alikuwa bado anaishi humo humo. Kila asubuhi kabla ya kushuka alisimama kwenye mdomo wa kisima, akainua uso, akasema kwa sauti ya chini, "Upo?" Kisha alimgeukia kaka yake, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Upo?" Nanga alijibu, "Nipo, shuka, jua linapanda." Kule juu kwingine hakungoja ajibiwe. Mtoto akimwita mama yake aliye jikoni hangoji sana jibu. Anataka tu kusikia sufuria zinagongana.

Mchungaji wa kanisa lao dogo la mabati aliwahi kumsikia, akamwuliza kwa upole kama hiyo ndiyo sala yote. Fuko akasema ndiyo, hizo ndefu mchungaji anazisema vizuri, hakuona sababu ya kumwingilia mtu kazi yake.

Kazini walikuwa na taratibu zao. Kamba ya kumshushia Fuko ilipita juu ya roda, gurudumu dogo lililoning'inia juu ya shimo, na ncha yake ya huku, badala ya kufungwa kwenye nguzo kama wafanyavyo wengine, Nanga aliizungusha kiunoni mwake akaibana kwa kitanzi. Watu walimwambia hiyo ni hatari, siku moja utamfuata mwenzako shimoni. Hakusikia. "Nguzo haina mtoto nyumbani," alisema. "Huyu akiteleza, nguzo itasimama tu imtazame." Kuvuta kamba mara moja ilikuwa simama. Mara mbili, nitoe.

Na walikuwa na mchezo wao, wa kijinga kama michezo yote ya ndugu. Fuko akiwa chini, akiuliza "Upo?", kuna siku Nanga alinyamaza makusudi. Anasikia, anajiziba mdomo, anamwacha mdogo wake aite na kuita mpaka sauti ibadilike. Kisha anatokeza kichwa na kusema kwa sauti nyembamba ya mke wake, "Nanga hayupo, ameenda kuoa." Fuko alimtukana, matusi yanapanda yakizunguka ukuta, na Nanga anacheka hadi anakaa chini. Fuko naye akajifunza dawa yake. Nanga akinyamaza, yeye hanyamazi tu, anasusa. Anageuza ndoo, anaikalia, anakunja mikono, tuone nani atachoka. Na siku zote aliyechoka alikuwa Nanga.

Fuko hakuoa. Aliishi katika chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake, na akiulizwa alisema hakuna mwanamke wa kulala na mtu mwenye udongo masikioni. Nanga alisema yeye ameoa kwa niaba ya wote. Shemeji yake, mke wa Nanga, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye kufua mashati ya wawili hao kila siku na kuapa kila siku kwamba kesho hafui. Mtoto alikuwa mmoja, wa kike, aliyezaliwa mdogo hata mkunga akasema ni tone tu la mtu. Jina likabaki hilo, Tone. Alipoanza kukimbia, baba yake alimtundikia bembea kwenye boriti ya ukumbi wa nyuma, na jioni kazi yake ilikuwa hiyo, kumsukuma, na kazi ya Tone ilikuwa kusema juu zaidi. Mama yake alifumba macho. Tone hakushika hata kamba sawasawa. Hakuwahi kuanguka, kwa hiyo hakujua kuanguka ni nini.

Sasa ikaja kazi ya kisima cha zahanati. Wagonjwa pale walikuwa wanakuja na maji yao kwenye chupa, na akina mama waliojifungua waliogeshwa kwa maji ya kuazima. Wakaitwa Nanga na Fuko. Ardhi yake ilikuwa mbaya, juu mchanga unaomomonyoka, chini mwamba wa kijivu unaorudisha sururu usoni. Kila asubuhi waliteremsha kwanza mshumaa ndani ya kopo kupima pumzi ya huko chini, na mshumaa ukibaki unawaka, Fuko naye alishuka. Wakaula mwamba ule kidogo kidogo. Mlinzi wa zahanati, mzee mwenye koti la mvua hata kiangazi, alikuwa akija kuchungulia na kusema hapo hakuna maji, yeye amekaa pale zamani, angeyasikia.

Siku yenyewe Nanga aliamka anajisugua bega la kushoto. Alisema ameulalia mkono. Mkewe akamwambia apumzike. Akajibu kwamba akipumzika yeye na Fuko naye atapumzika, na Fuko akipumzika atakula chakula chote. Wakaenda. Fuko aliuliza maswali yake mawili, akajibiwa moja kama kawaida, akashuka.

Ilikuwa baada ya jua kusimama ndipo sururu ilipobadilisha sauti. Mchimbaji huijua sauti hiyo kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Mwamba ukapasuka, na katika ufa ule pakatokea unyevu, unyevu ukawa jasho, jasho likawa mfereji mwembamba wa baridi uliomgusa kidole cha mguu. Fuko akainama akaugusa, akaonja. Maji matamu. Akacheka peke yake. Akavuta kamba mara mbili.

Kamba haikusogea.

Akapaza sauti, "Kaka, maji!" Kimya. "Upo?" Kimya. Akatazama juu, kule ambako anga lilikuwa sahani ndogo nyeupe, na hakuona kichwa. Akajua. Leo tena. Siku ya maji hasa, ndiyo mzee ameamua kucheza. Akamwambia aendelee, ajifanye bubu, maji yatajaa na yeye ataelea mpaka juu bila msaada wa mtu, na aende akaoe huyo mke wake wa pili kwani wa kwanza amechoka kumfulia. Alisema mengi, anacheka. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akakunja mikono, akasusa.

Alikaa pale maji yakimpanda taratibu kwenye vifundo vya miguu, anangoja kaka yake achoke.

Kilichosikika juu hakikuwa kicheko, ilikuwa miguu mingi inayokimbia. Vichwa vikajaa kwenye ile sahani nyeupe, hata kimoja si cha Nanga. Sauti ya mlinzi ikamwambia aingie kwenye kitanzi. Wakamtoa kwa kupokezana, watu wasiojua kuvuta, wakimgonga ukutani huku na huku. Alipofika juu aliona kaka yake amelala kando ya nguzo, mbali kidogo na kisima, na muuguzi amepiga magoti akimbonyeza kifua. Mganga wa zahanati alikuwa amesimama. Hakuwa anafanya kitu tena.

Mlinzi alimshika Fuko bega. Alikuwa mtu mwema na hakukusudia kuumiza, alitaka tu kueleza alichokiona. "Tulimkuta hivi hivi," alisema. "Alikuwa ameshajifungua kamba."

Maneno hayo ndiyo Fuko aliyorudi nayo nyumbani. Mtu anaweza kubeba jiwe moja akasahau mzigo wote uliobaki, na kwake jiwe lilikuwa hilo. Miaka yote Nanga hakuwahi kuitoa kamba kiunoni Fuko akiwa chini. Akitaka maji ya kunywa alikunywa nayo kiunoni. Kule kichakani alikokwenda kila mtu, alikwenda nayo, imelegezwa, anaimba ili wa chini ajue yuko wapi. Na siku ile ameitoa. Ameuona mwisho unakuja akajifungua, akamwacha. Fuko hakumlaumu, nani atamlaumu mtu anayekufa? Lakini aliwaza kwamba basi hata yule aliyekuwa anasema nipo, mambo yakiwa mazito, huachia. Na kama Nanga aliachia, yule mwingine wa juu zaidi, aliyefundishwa kumfananisha na Nanga, yeye je?

Walimzika kesho yake. Jeneza liliteremshwa kwa kamba, wanaume kila upande, na mchungaji akasoma. Tone alikuwa ameshikwa mkono na mama yake, na alitazama kwa makini kama mtoto wa fundi anavyotazama kazi. Hakulia. Kushuka aliona ni jambo la kawaida, kwao wanaume walikuwa wakishuka kila siku. Ila zile kamba zilipovutwa juu, tupu, zikakunjwa, na watu wakashika makoleo, mtoto akachomoa mkono wake.

"Mmesahau baba," alisema. "Ba'mdogo, wamesahau baba. Wametoa kamba na baba yuko chini."

Watu wazima pale walitazama viatu vyao. Fuko alimbeba akamtoa nje ya makaburi, na njia nzima mtoto alikuwa akimweleza, bila hasira, kosa walilofanya.

Tangu hapo akawa na safari zake. Makaburi hayakuwa mbali, ni kuvuka uwanja wa mpira tu, na mama yake akigeuka kidogo mtoto hayupo. Fuko ndiye aliyetumwa kumfuata. Alimkuta amelala kifudifudi, sikio ameliweka juu ya udongo ambao ulikuwa bado haujashikana, anauliza, "Upo?" Anangoja. Anauliza tena. Fuko alipomwambia waende nyumbani, hakukaidi. Alijipangusa vumbi, akampa mkono. "Bado hajavuta," alisema. "Akivuta mara mbili niite."

Fuko alimpangusa udongo uliobaki sikioni. Alitaka kusema hatavuta. Alikuwa na neno hilo mdomoni, akalimeza, kwa sababu yeye mwenyewe alijua kukaa shimoni na kuita, na hakutaka kuwa mtu wa kumwambia mwingine kwamba juu hakuna mtu.

Kazi akaacha. Asubuhi aliamka saa zile zile, akakaa kwenye kizingiti cha chumba chake, na midomo yake, ambayo ilikuwa imezoea neno moja, ikabaki imefungwa. Kanisani alikwenda kwa sababu ya shemeji, akakaa nyuma. Mchungaji alimwambia Mungu ana makusudi yake. Akaitikia. Kutoka zahanati wakaja kuuliza habari za kisima, kwamba maji yamefikiwa lakini ni ya kulamba, panahitaji kushuka zaidi kidogo na kuwekwa pete za zege. Akawaambia watafute mtu. Wakasema wametafuta, kila mchimbaji anasema shimo la maiti hashuki.

Ndipo siku moja shemeji akaja kumwona, ameshika beseni la nguo kiunoni. Hakukaa.

"Shemeji, mtoto lazima aambiwe."

Fuko alikwangua udongo uliokauka kwenye kizingiti.

"Mimi nikifungua mdomo nalia, na nikilia ananibembeleza. Jana kaniambia nisihofu, baba akitoka atakuwa na njaa tu. Nimewasha moto nikapika na fungu la mtu wa nne, unaelewa? Kwa sababu ya mtoto nimempikia maiti." Alihamisha beseni upande wa pili. "Mwambie wewe. Wewe ndiye unayejua mambo ya huko chini."

Akaondoka kwenda kufua. Mashati yalikuwa yamebaki ya mtu mmoja, na ya huyo hayakuwa na tope.

Fuko alikaa na jambo hilo siku kadhaa, analisogeza mbele kama mtu anayesogeza kibarua kigumu. Alipanga maneno. Alimkumbuka mama yake, namna yeye mwenyewe alivyoambiwa juu ya mkeka, na akaona kwamba alichoambiwa na Nanga hawezi kumwambia Tone, kwa kuwa yeye hakuwa na uhakika nacho tena. Mtoto ukimwambia jambo usiloliamini hulisikia. Husikia kama wewe unavyosikia chungu chenye ufa.

Mwishowe Tone ndiye aliyeanza. Alitaka kuona pale baba alipokuwa kabla hajaja kulala kule ng'ambo ya uwanja. Fuko akaona afadhali huko, huenda maneno yatakuja yenyewe. Wakaenda asubuhi, mtoto ameshika kidole chake kimoja, maana kiganja kizima kilimzidi, akivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Magari aliyatazama Fuko.

Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mbao na matawi ya miiba. Mlinzi aliwaona kwa mbali, akainua mkono, akabaki alipo. Nguzo ilikuwa bado imesimama, roda bado inaning'inia, na kamba ilikuwa imeachwa pale pale kama watu walivyoitupa siku ile, imetoka kwenye roda ikalala chini kwa mizunguko, imeota ukungu. Fuko alisimama. Hakuweza kusogea zaidi. Tone aliachia kidole akaenda mwenyewe, akaizunguka nguzo, akachuchumaa penye ncha ya kamba.

"Ba'mdogo, njoo uone. Fundo la bembea yangu."

Fuko alimwambia aache, ni kamba chafu. Lakini mtoto alikuwa ameshaingiza vidole. Akamwonyesha: mizunguko miwili, halafu inapita chini, halafu ncha inarudi ndani inajificha. Akasema baba alimwambia hili linaitwa mkono mfukoni, kwa sababu ncha imeweka mkono mfukoni haina wasiwasi. Akasema alimfundisha lakini yeye vidole vyake bado havina nguvu. Akasema hili halifunguki, hata wakae watu wawili kwenye bembea, hata mama na mwili wake wote.

Fuko akasogea. Akapiga magoti, akalishika.

Aliwahi kuliona kwenye boriti ya ukumbini, kila siku aliliona, bila kulitazama. Kazini Nanga hakulitumia kamwe, kwa sababu kazini nguzo hakuiamini, alijifunga yeye. Siku ile watu waliomtoa Fuko waliidaka kamba katikati wakavuta. Ncha hii hakuna aliyeigusa. Sasa akaona mambo kama yalivyokuwa, kama mtu aliyefunuliwa mbao. Nanga amesimama pale mdomoni mwa kisima, kifua kinabana. Pande lile la mtu, akianguka pale na kamba kiunoni, atakwenda chini na uzito wake wote juu ya mdogo wake. Akajitoa kwenye kitanzi. Akarudi nyuma hadi kwenye nguzo asiyoiamini. Na kwa vidole ambavyo bila shaka vilikuwa vimeshakufa ganzi, akafunga kwa ajili ya Fuko lile fundo alilokuwa amelifunga kwa ajili ya mtoto tu, mara mbili, na chini, na ncha mfukoni. Ndipo akalala kando, mbali na shimo.

Na huko chini mwenzake amekalia ndoo, amekunja mikono.

Fuko alilia kwa namna ambayo mtoto hajawahi kuiona kwa mtu mzima, na Tone akamshika sikio, kama mama yake alivyomshika yeye akiwa na homa, akangoja. Alipotulia, Fuko alisema lile alilotumwa kusema. Hakulipamba.

"Baba hatatoka pale tulipomweka, mwanangu. Hatavuta kamba. Amekufa."

Tone alifikiri. Akauliza, "Kwa sababu walitoa kamba?"

"Hapana. Hata ingekuwepo."

Mtoto akaligusa fundo tena kwa ncha ya kidole. Uso wake ulianza kukunjamana polepole, kutoka kidevuni, kilio chake cha kwanza tangu siku ile kikiwa njiani, lakini alikuwa na jambo alitaka kulimaliza kwanza. "Hii alikufungia wewe."

"Ndiyo."

"Yeye akabaki hana kamba."

"Ndiyo, mwanangu. Akabaki hana."

"Basi Mungu atakuwa alimshika kwa mkono," alisema Tone, kama mtu anayesema jua limetoka, na hapo ndipo akalia, kwa kinywa wazi, na kulia kwake kukawa kurefu.

Fuko alimbeba hadi nyumbani. Hakumjibu lile neno, wala mtoto hakungoja ajibiwe. Tangu siku hiyo Tone hakulaza sikio tena juu ya udongo. Alimlilia baba yake asubuhi na jioni kama watoto wote wanavyolia, na mama yake akalia naye, na kwa kuwa sasa walikuwa wanalia kitu kimoja, jikoni pakapumua kidogo. Sufuria ikarudi kuwa ya watu watatu wanaokula kweli.

Haikuchukua muda Fuko akatia sururu makali. Shemeji akamwuliza nani atakaa juu. Akasema ataajiri mtu, sokoni wapo vijana wenye nguvu. Shemeji akafunga kitambaa kichwani. Alisema ameyafua mashati yale maisha yake yote ya ndoa, anajua kamba ilipita wapi kiunoni kwa alama zake, na mvulana wa sokoni asiyejua hata jina la mama yake Fuko hatamshikia Fuko kamba maadamu yeye yuko hai. Mlinzi akaombwa kusaidia ndoo. Akavua koti, jambo ambalo pale zahanati hakuna aliyewahi kuliona, na chini yake kulikuwa na koti lingine.

Wakateremsha mshumaa. Ukawaka. Kamba ilikuwa mpya, ila ncha yake Fuko aliifunga kwenye nguzo kwa fundo lile lile. Alikuwa amejifundisha kwenye boriti ya bembea jioni nzima, Tone akimkosoa. Shemeji akaizungusha pia kiunoni mwake, hakutaka kusikia la mtu.

Fuko alisimama mdomoni, mguu mmoja kwenye kitanzi. Asubuhi zote za nyuma zilikuwa na maswali mawili. Alimtazama shemeji. "Upo?"

"Nipo," alisema shemeji. Sauti ya mwanamke, nyembamba. Ile ile aliyokuwa anaiigiza Nanga. Wote wawili walisikia, wala hakuna aliyecheka.

Akashuka. Ukuta ulimpita, mchanga, kisha mwamba, na alama za sururu yake mwenyewe. Chini maji yalikuwa yamekaa kimya, yanafika juu kidogo ya vifundo vya miguu, baridi. Ile ndoo ilikuwa bado iko pale pale alipoiacha, imegeuzwa, juu yake pakavu mahali alipokuwa amekaa. Akaitazama. Akaishika kwa mikono miwili akaigeuza, akaisimamisha.

Kisha akainua uso. Anga lilikuwa sahani ileile, tupu, na hakumkusudia shemeji, kwa hiyo hakupaza sauti. Alisema lile neno lake moja. Lilitoka limekwaruza, kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu.

Hakuna aliyejibu. Alisikia kamba ikilia kidogo kwenye roda, na huko mbali, upande wa zahanati, mtoto mchanga wa mtu akigombana na maji ya kuoga.

Akainama, akashika sururu.